Mstari Mmoja

Dodoso letu lilikuwa na kurasa 11, na swali la 14 ndilo lililobeba utafiti mzima: "Je, umewahi kutumia dawa za kulevya?" Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Tulikuwa tunahoji vijana wa miaka 13 hadi 18 katika mitaa miwili ya Temeke, na wiki ya kwanza yote waliotia tiki kwenye ndiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mratibu wetu alianza kusema labda mitaa hiyo ni mizuri kuliko sifa zake. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nimekaa nao bega kwa bega kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, na pua ninayo.

Ijumaa mchana kijana mmoja aliyejibu hapana kwa sauti ya mtu anayekula kiapo aliinuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Dada, kwani na ndumu mnaihesabu?"

Nikamwomba akae tena.

Ndumu, jani, msuba, kitu cha Arusha: yote ni bangi. Kwa kijana wa pale hakuna hata kimoja kinachoitwa dawa za kulevya. Dawa za kulevya ni unga, ni ngada, yaani heroini, ni mambo ya mateja, wale wanaosimama kandokando ya barabara wamejikunja hadi unadhani wataanguka na hawaanguki. Jani ni jani. Ugoro na kuberi ni vya kubana kwenye mdomo. Gundi ni ya fundi viatu. Viroba ni pombe, na pombe ina jina lake. Huo ulikuwa mwaka 2016, viroba bado vikiuzwa kila kibanda kwa bei ambayo mwanafunzi aliimudu kwa kujinyima chakula cha mchana. Marufuku ilikuja tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo mtoto aliyevuta kila jioni, akabana ugoro darasani na kufyonza viroba Jumamosi, alitujibu hapana, na hakuwa ameongopa hata kidogo.

Tukalivua dodoso nguo. Vijana sita, chini ya mwarobaini, soda na chipsi, wakatusahihishia swali kwa swali. Walicheka sana, hasa pale tulipoandika "vilevi vya kunusa". Binti mmoja ambaye muda wote alikuwa kimya ndiye aliyetoa neno lililotusaidia kuliko yote: tusiulize "umewahi", kwa sababu "umewahi" ni swali la polisi. Tutaje kitu kwa jina lake la mtaani, halafu tuulize mara ya mwisho ilikuwa lini. Tukafanya hivyo, na visanduku vikaanza kujaa.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hatukukiona mpaka tulipojikwaa nacho. Aliye chini ya miaka 18 kisheria ni mtoto, hivyo mzazi husaini kwanza, kisha mtoto mwenyewe huulizwa kama anakubali. Ni haki kabisa. Ila fomu yetu ya ridhaa ilikuwa na kichwa kwa herufi kubwa: UTAFITI WA MATUMIZI YA DAWA ZA KULEVYA KWA VIJANA. Mama mmoja muuza mihogo aliisoma taratibu, akaikunja mara mbili, akamgeukia binti yake. "Nani kakutaja?" Yaani kwa kubisha hodi tu tulikuwa tumeshamchongea mtoto wa watu, na hata jina lake tulikuwa hatujaliandika. Tukaomba kamati ya maadili ituruhusu kubadili kichwa kiwe cha afya na maisha ya vijana. Walikubali, kwa sharti kwamba maelezo yote yabaki ndani, na mzazi asomewe. Walikuwa sahihi, japo tulisubiri hadi tukachoka.

Jambo la mwisho kuhusu makaratasi, halafu niyaache. Kuna maswali sita mafupi yaliyotungwa Boston, katika hospitali ya watoto, kwa ajili ya kuwachuja vijana wenye tatizo la vilevi. Ni chombo kizuri, kimejaribiwa sehemu nyingi. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kukufanya ukae na kijana kwa makini. La kwanza linahusu kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa, pamoja na wewe mwenyewe. Vijana wetu walitutazama. Gari lipi? Tukaweka bodaboda, na papo hapo kila mtu akawa na kisa. Swali jingine linauliza kama hutumia ukiwa peke yako, kwa maana anayejifungia na kilevi chake ana hali mbaya zaidi. Kijana mmoja alinijibu, "Peke yangu nitavutia wapi, dada? Chumbani tupo sita." Sikujua niandike nini. Mpaka leo nadhani swali lile huku kwetu linapima idadi ya vyumba.

Utafiti ukaisha, ripoti ikaandikwa, wenzangu wakaenda kwenye miradi mingine. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nikabaki kwenye kituo kimoja cha afya kilichotenga chumba kwa ajili ya vijana siku mbili kwa wiki. Nilijiona nimeiva. Majina yote ya mtaani ninayo, kijana akifungua mdomo namwelewa kabla hajamaliza. Hapo ndipo alipokuja Winga.

Namwita hivyo kwa sababu alicheza pembeni kulia na hapakuwa na wa kumkamata kwa mbio. (Si winga wa Kariakoo anayekuvuta mkono ukanunue viatu, ingawa kwa ulimi ule nako angefanikiwa.) Alikuwa na miaka 16, kidato cha pili. Shuleni walimkuta na msokoto kwenye soksi, mama yake akapewa barua: alete uthibitisho wa hospitali kwamba mtoto ameacha, vinginevyo asirudi. Alikuwa amevuta kila siku kwa karibu miaka miwili. Akaja mara ya kwanza na mama, mara ya pili peke yake. Mara ya tatu walikuja wote, na Winga akasema ana wiki ya tatu hajagusa.

"Unalalaje?" nilimuuliza.

"Silali, dada. Nikilala naota vitu vya ajabu, naamka jasho. Chakula hakipiti. Yaani mtu akinigusa tu nataka kupigana."

Ningekuwa najua ninachojua leo, maneno hayo yangenitosha. Bangi nayo ina arosto yake, yale mateso ya mwili ukishaacha. Haina vishindo kama ya unga, lakini ipo, na ndivyo inavyokuwa: usingizi unakata, ndoto zinakuwa kama sinema, hamu ya kula inapotea, hasira inakuwa juu ya ngozi. Alikuwa ananisomea dalili za mtu aliyeacha, moja baada ya nyingine. Mimi nikamkabidhi kikombe cha mkojo.

Alirudi nacho kimezungushiwa tishu, kwa aibu. Nikachovya kijiti, nikakilaza mezani juu ya karatasi, tukasubiri dakika tano. Mama alikuwa kando yangu ameshika pochi kwa mikono miwili. Mstari ukajitokeza juu. Chini yake pakabaki peupe.

Mama akachungulia. "Mmoja," akasema, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi."

Vipimo vyote alivyowahi kuviona maishani mwake, cha mimba, cha malaria, cha virusi vya UKIMWI, vinasomwa hivyo: mstari mmoja salama, miwili ndiyo habari. Nikamwambia, "Hapana mama, hiki kinasomwa kinyume. Huu mstari wa pili ukikosekana, maana yake kitu kipo."

Winga hakukitazama kijiti. Alinitazama mimi. "Dada, mi nimeacha."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kipimo hakidanganyi, mdogo wangu."

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama, hakuniaga. Nyumbani kulikuwa na mjomba aliyekuwa analipa ada, na mjomba alikuwa na mpira wa maji. Wiki ile ile Winga akaondoka nyumbani. Shule ikalifunga jalada lake.

Ilinichukua karibu mwezi kufungua karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi la vipimo. Nisingeifungua, ila fundi wetu wa maabara aliniuliza kwa nini napima bangi watu walioacha juzi, nikamuuliza anamaanisha nini, akanitolea ile karatasi yenye maandishi madogo kama sisimizi. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Aliyevuta mara moja kipimo kitamkamata siku chache tu. Aliyevuta kila siku kwa muda mrefu kinaweza kuendelea kumshika mwezi mzima, wengine hata zaidi, na hajagusa msokoto tena. Unga ni kinyume chake: siku mbili tatu, haupo kwenye mkojo. Kwa maneno mengine kijiti changu kingeweza kumwumbua mtoto aliyeacha wiki tatu, kikamsafisha mwingine aliyevuta ngada Jumanne na kuja kwangu Jumamosi. Kijiti chenyewe hakikuwa kimedanganya. Kilisema mwilini kuna mabaki. Mengine yote niliyasema mimi.

Nilikwenda kwa mama yake alfajiri, kwa kuwa anauza vitumbua na saa nyingine humpati. Nikaeleza, huku anageuza vitumbua na hanitazami. Nilipomaliza alikaa kimya hadi vitumbua vikaiva.

"Umekuja kuniambia mwanangu alikuwa mkweli," akasema. "Mimi nilimzaa, nikamwacha apigwe. Basi sote wawili hatukujua." Akanifungia vitumbua viwili kwenye gazeti, akakataa hela. "Kamtafute umwambie mwenyewe. Mimi hanisikii."

Sikumpata mimi. Alimpata mwelimishaji rika wetu, kaka mmoja wa makamo aliyekula unga miaka mingi na sasa anakunywa methadoni yake, dawa inayoshika nafasi ya unga, kila asubuhi mbele ya muuguzi kisha anakuja kazini. Watu kama yeye ndio uti wa mgongo wa kazi hii na posho yao ni ya aibu. Hilo niliseme tu lipite. Anayajua maskani yote kwa majina ambayo huyakuti kwenye ramani. Miezi mitano baada ya kile kijiti akanipigia simu: kijana wako yupo huku karibu na reli, anavuta kokteli.

Kokteli ni msokoto wa bangi uliochanganywa na unga. Kwa wengi niliowahoji huo ndio mlango, kwa sababu mkono tayari umezoea kusokota na roho inajidanganya kwamba bado ni jani. Winga alikuwa hajaanza kujidunga. Alikuwa amekonda, kavaa jezi ile ile. Nikamwambia pale pale, nimesimama kwenye mawe ya reli, kwamba alisema kweli na mimi nilikosea, na nikamweleza kwa nini. Alisikiliza huku anajikuna mkono.

"Nilikuwa nimeacha kweli," akasema. "Mkasema sijaacha. Nikaona, sasa najitesa kwa faida ya nani?"

Hakuja siku hiyo. Alikuja baada ya siku tisa, na mwelimishaji rika.

Mama aliposikia neno unga aliomba jambo moja tu: ile dawa ya kunywa ya Muhimbili. Mama wengi huiomba, na ninaelewa. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, na mitaani watu wameona kwa macho mateja waliokuwa wanaiba masufuria wakirudi kuwa baba wa watoto. Ila wengi hawajui kwamba dawa hiyo inakaa kwenye nafasi ya unga na jamii yake peke yake. Haitibu bangi, wala gundi, wala pombe; ukimpa kijana anayevuta jani tu utakuwa unamfundisha kitu kipya. Na ni dawa ya kila siku, kwa muda mrefu, iliyopangwa zaidi kwa watu wazima walioshikwa hasa. Winga alikuwa na miaka 17 na miezi michache ya kokteli. Daktari wetu alimwona, akaamua tuanze na kumvusha kwenye arosto kwanza, kwa dawa za maumivu, za tumbo na za usingizi, na tuiache methadoni kama njia ya pili.

Kwa mjomba hakutaka kurudi, akapelekwa kwa shangazi yake Mbagala. Nilikuwa naenda kila siku. Arosto ya unga inaanza na miayo. Miayo na kamasi, unadhani mtoto kashikwa na mafua. Kisha vinyweleo vinasimama, tumbo linafunguka, miguu haitulii, mifupa inauma hadi anaomba mtu amkalie mapajani. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Shangazi mtu alimchemshia uji wa mchele, akampa kwa kijiko, anatapika, anampa tena, bila neno. Siku ya sita Winga aliomba chapati.

Kwa mtu ambaye afya yake si mbovu, na akipewa maji ya kutosha, arosto hiyo inatesa kuliko inavyoua. Ya pombe au ya vidonge kama valiamu ndiyo ya kuogopa, mtu anaweza kupata degedege akafa, usimkatishe ghafla nyumbani. Lakini kwa unga hatari kubwa inakuja baadaye, na familia nyingi hazijaambiwa. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hauwezi tena kile kipimo ulichozoea. Kijana anafungiwa ndani, au anasafirishwa kijijini kwa babu akalime, anarudi amenawiri, watu wanashangilia. Siku akiteleza anavuta kete ile ile ya zamani, na pumzi inakatika. Nimehudhuria maziko ya namna hiyo. Nilimwambia Winga waziwazi, shangazi akiwepo, na shangazi alikasirika kwamba namtajia mtoto kifo. Nikamwomba radhi, lakini sikuyarudisha maneno.

Halafu ikaja kazi yenyewe, ambayo haina picha nzuri za kusimulia: kijana na mimi na viti viwili, wiki hadi wiki. Wakati ule nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya namna ya kuzungumza ambayo mwasisi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyeandika juu yake kwa mara ya kwanza mwaka 1983, baadaye akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Unamsaidia mtu asikie sababu zake mwenyewe za kubadilika badala ya kumpa zako. Mkufunzi alitutaka turekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya mteja, kisha tujihesabie. Katika dakika 40 mimi nilikuwa nimeongea 31. Nilidhani saa imeharibika. Sisi tumelelewa kwenye kuusiwa, mkubwa akikaa na mdogo usia hauna kituo, na mdogo kazi yake ni kusema ndiyo shangazi, nimesikia shangazi. Huko shule ya uuguzi tuliongezewa tu maneno.

Basi nikajifunza kuuma ulimi. Siku moja nikamuuliza swali ambalo katika ziara zile tatu za mwanzo sikulifikia: jani lilikuwa linakupa nini?

Alifikiri muda mrefu. "Usingizi," akasema.

Nyumba yao ilikuwa imepakana ukuta na baa. Muziki mpaka saa tisa usiku, na yeye analala sebuleni, upande wa ukuta huo huo. Mtu aliyemwonjesha ndumu alimwambia ukivuta hii husikii spika. Akavuta, hakusikia spika. Miaka miwili! Mama alijua kuna baa, mjomba alijua, mimi nilipita mbele yake nilipokwenda kumwona mama. Shuleni walijua kwamba anasinzia.

Sitaki kusema hiyo ndiyo ilikuwa sababu nzima. Ngada aliifuata kwa hasira, na hasira ile nina hisa ndani yake. Tangu Mbagala ameteleza mara mbili ninazozijua, moja ya jani, moja ya kokteli, na ile ya kokteli alinieleza mwenyewe kabla sijauliza, amesimama mlangoni kama yule kijana wa siku ya dodoso. Daktari akataka kurudisha suala la methadoni, tukakaa watatu, Winga akaomba wiki nne za kujaribu. Tukampa.

Vijiti bado ninavyo. Siku hizi kijana akikaa mara ya kwanza namweleza kwanza mambo matatu ambayo siwezi kuyafanya siri: akitaka kujiua, akitaka kumdhuru mtu, na kama kuna mtu anamdhuru yeye. Mengine yanabaki chumbani. Kipimo hakipimwi mpaka yeye akubali, majibu anayasoma yeye kwanza, na mzazi anasubiri nje mpaka tuelewane nini kitasemwa na nani. Wazazi wengine huchukia. Mmoja aliniuliza kama mimi ni muuguzi au wakili wa wahuni.

Winga sasa anafanya mazoezi na timu ya mtaa wa shangazi yake, bado hajapata namba, anaingia dakika za mwisho. Tulikuwa tunaonana kila Jumamosi saa nne. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe kwamba Jumamosi hii hatafika, wana mechi ugenini. Nilishika simu, nikaanza kuandika mechi wapi, na nani, saa ngapi. Nikafuta. Nikamwandikia: "Sawa. Jumanne basi."